Ni Ipi Iliyomponya Fundi Viatu?

Hebu fumba macho kidogo, uione kona hii. Pana benchi refu la mbao, limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Upande mmoja pana kibanda cha kinyozi. Upande wa pili fundi viatu ametandaza gundi, nyuzi na viatu vilivyoachana na wenzao. Katikati Bi Birika anachochea mkaa chini ya kahawa yake. Sasa mtazame huyo fundi viatu. Ameshika nyundo, lakini hapigi. Tangu asubuhi ameshikwa na kwikwi, na kila akiinua mkono, kwik, msumari unakwenda unakotaka wenyewe. Hilo angelivumilia. Lililomchoma ni kwamba mpwa wake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu na leo anasomea udaktari, alikuwa amesimama mbele yake akingoja ushauri. Fundi alikuwa nao, tena mtamu, wenye methali mbili na mfano wa kiatu. Ulikuwa hautoki tu.

— Mjomba, nimeamua kukataa, alisema yule binti. Nikitoka hapa nampigia mwalimu, namwambia simo kwenye utafiti wake. Anataka jibu leo.

— Mwanangu, mimi naona, kwik.

— Unaona nini, Mjomba?

— Kwik.

Kinyozi alichungulia kutoka kibandani. Kichwani hakuwa na hata unywele mmoja, ndiyo maana wote walimwita Upara.

— Utafiti wenyewe wa nini, Daktari?

— Wa watoto wanaochomwa sindano. Mwalimu anataka kujua wanalia kidogo zaidi wakiimbiwa au wakipulizwa usoni. Kila muuguzi ana njia yake, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo. Sasa mimi nikakae kliniki kusikiliza vilio? Mimi nataka kutibu watu, bwana. Utafiti ni wa maprofesa wenye mvi. Na mambo yote yameshaandikwa vitabuni.

— Hapo nakuunga mkono, alisema Upara. Kinyozi hajinyoi.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? aliuliza Bi Birika.

— Imeingia yenyewe. Mlango ulikuwa wazi.

Fundi alitikisa kichwa kwa nguvu. Hakukubali hata neno moja.

— Mwanangu, nisikilize. Kiatu, kwik. Kiatu ki, kwik.

— Mwacheni apone kwanza, alisema Bi Birika. Mtu hawezi kumshauri mtoto kwa vipande vipande. Daktari, vitabu vyako vinasemaje kuhusu kwikwi?

— Kuna msuli chini ya mapafu, shangazi. Ukishtuka, ndiyo kwikwi.

— Umeshtushwa na nani?

— Mara nyingi haijulikani.

— Na dawa?

Binti alikuna shingo.

— Mara nyingi hukoma yenyewe.

— Hicho ni kitabu au ni jirani yangu? alisema Bi Birika. Hata yeye hunijibu hivyo hivyo paa lake likivuja kwangu.

Hapo akakohoa mzee mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi. Zamani alikuwa mlinzi wa ghala, na siku hizi alilinda benchi. Walimwita Ushahidi, kwa sababu kila hoja yake aliimaliza kwa kusema "ushahidi ninao", na hakuna aliyewahi kuuona.

— Kwikwi ni njaa, alisema. Debe tupu haliachi kuvuma.

— Amekula mihogo sahani nzima, mimi nimeona, alisema Bi Birika. Anywe maji, lakini kwa ukingo wa mbali wa kikombe. Ainame, maji yaingie kinyumenyume. Yatakutana na kwikwi njiani yairudishe ilikotoka.

— Maji hayawezi kitu, alisema Upara. Ni mkanda. Mtazameni alivyojibana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

— Wahenga walikuwa wanasema mikanda?

— Walisema nguo. Mkanda ni nguo au si nguo?

Ushahidi aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa thamani.

— Nyote mnacheza. Dunia inazunguka kuelekea kule. Fundi ameketi akielekea huku. Kwa hiyo mihogo yake inazunguka kinyume na dunia. Chakula kinagongana na sayari, jamani. Mgeuzeni. Ushahidi ninao.

— Mzee, hilo haliwezekani, alisema binti.

— Umelijaribu?



Fundi viatu hakuulizwa. Kabla hajasema kwik, Upara amemfungua mkanda, Ushahidi amemgeuza na kigoda chake hadi akatazama ukuta, na Bi Birika amemwinamisha na kikombe cha maji. Maji yakamwingia puani. Suruali ikaanza kuteremka, akaishika kwa mkono mmoja. Alipokuwa hivyo, nusu mtu nusu bomba, Upara akaona tiba inahitaji kukolezwa, akapiga ndoo ya bati kwa nyundo nyuma ya kisogo chake.

Wote wakangoja. Fundi akainuka polepole, maji yakimchuruzika kidevuni. Akangoja naye. Hakuna kitu.

— Imekoma, alisema.

— Maji, alisema Bi Birika.

— Mkanda, alisema Upara. Na ndoo kidogo.

— Dunia, alisema Ushahidi, akachukua kikombe chake.

Walikuwa bado wanagombea ushindi pale aliposhuka kwenye gari bwana mmoja wa suti nyeupe, yule mshereheshaji wa harusi anayejulikana mtaa mzima kwa sauti yake. Alikuwa amefuata viatu vyake. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara tu, na watu walikuwa wameshaketi.

— Fundi, viatu vya, kwik.

Benchi zima likamgeukia.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Upara.

— Mwenyeji keshapona, alisema Bi Birika. Huyu mgeni ndiye mgonjwa.

Wakamsimulia yote kwa pamoja: kikombe, mkanda, ukuta, ndoo. Bwana akaitazama suti yake, akautazama ukumbi.

— Nina nafasi ya moja tu. Ni ipi, kwik, iliyomponya?

Bi Birika akafungua mdomo. Upara akashika kidevu. Ushahidi akakitazama kikombe chake kama vile ushahidi ulikuwa umezama humo. Mgeni akamgeukia fundi.

— Wewe ndiwe uliyepona. Ni ipi?

Sasa ulimi wa fundi ulikuwa huru. Angeweza kusema zile methali zake mbili na mfano wa kiatu, vyote kwa mfululizo. Lakini alikumbuka kwamba kabla ya ndoo, kabla hata ya maji, kwikwi ilikuwa imeanza kuja mara chache. Au alidhani tu?

— Mimi mwenyewe niliyepona sijui, alisema. Labda hakuna hata moja.

Alimtazama mpwa wake. Binti hakuwa akicheka tena.

— Ingebidi kujaribu moja moja, alisema polepole. Kwa watu wengi. Na wengine waachwe bila kufanyiwa kitu, tuone.

— Nani akae atazame? aliuliza mjomba.

Binti alitoa simu, akasogea hatua chache, akawapa mgongo.

— Mwalimu, shikamoo. Ile nafasi ya wale watoto wa sindano, bado ipo? Ndiyo. Nakuja.

Bwana wa suti aliondoka na viatu vyake vyenye soli mpya na kwikwi yake ile ile. Bi Birika akainamisha birika, likatoa tone moja na masalia. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wametega masikio kuelekea ukumbini, kipaza sauti kilikokuwa kinakoroma.

— Mabibi na...

Benchi zima likashika pumzi.

— Kwik.

Basi ukiyasahau mengine yote, msomaji wangu, nakuomba ukumbuke hili moja: siku utakapopona, uliza kilichokuponya. Yuko mwingine anakuja nyuma yako, na ana haraka.