Daktari Adoyo na Watu Waliokatiwa Tamaa

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio dukani, na nyinyi mnaochuma majani chai redio ikiwa mfukoni, hamjambo. Mimi ni Duke Makori. Asubuhi hii tunamkumbuka Daktari Mitchell Adoyo, aliyetutoka Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa saratani.

Daktari Adoyo alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Kazi yake kubwa ilikuwa kutibu waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Hapa Kisii na Nyamira watu walimwita daktari wa walevi. Hakukasirika. Alisema, "Kweli, hao ndio watu wangu."

Mama huyu alizaliwa kule ziwani, Homa Bay. Alikuja huku kwa muda mfupi tu, akakaa zaidi ya miaka ishirini. Ekegusii, lugha ya huku, alifundishwa na wagonjwa wake. Walimcheka akikosea, naye akacheka nao.

Sasa nisikilizeni habari ya Ombati. Huyu alikuwa fundi wa kushona pale Ekerenyo. Pombe ya chang'aa ilimshika mpaka mikono ikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kaka yake, Onyiego, akamfungia chumbani ili aache kwa lazima. Siku chache baadaye Ombati alikuwa anatetemeka mwili mzima, anapiga ukuta, anapigana na nyoka ambao hakuna mwingine aliyewaona. Mama yao, Bonareri, ndiye aliyempigia daktari simu.

Daktari Adoyo alimkuta Onyiego amesimama mlangoni na ufunguo.

"Daktari, nikifungua atakimbilia pombe."

"Onyiego, mwili wa ndugu yako umezoea pombe. Ukimkatia ghafla bila dawa, anaweza kufia humo ndani. Fungua."

"Atakuumiza!"

"Basi nifungulie niingie, halafu ufunge nyuma yangu."

Wasikilizaji wapendwa, aliingia. Na mlango ukafungwa nyuma yake. Mama Bonareri ameniambia hivi: "Tulisikia kelele. Halafu kimya. Nikasema, mwanangu ameua mtoto wa watu. Kumbe daktari amekaa chini sakafuni, amemshika mkono, anamwambia, hata mimi nawaogopa nyoka, twende nje pamoja."

Walitoka wameshikana mikono. Walienda moja kwa moja hospitali.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Ombati alipona, akarudia pombe. Akatibiwa tena, akarudia tena. Onyiego alichoka. Hata kanisani walichoka. Daktari Adoyo hakuchoka. Kila Ombati alipotokea, amechafuka, ameona haya, alimwambia maneno yale yale: "Umefanya vizuri kurudi."

Leo Ombati ana miaka tisa bila pombe. Ndiye anayewapokea wagonjwa wapya katika kituo alichoanzisha daktari pale Kebirigo.

Mwaka huu Daktari Adoyo mwenyewe akalala kitandani. Maumivu yalikuwa makali, akaandikiwa mofini, dawa kali ambayo mtu anaweza kuizoea. Mume wake, Bwana Ochanda, aliogopa. "Nilimuuliza, Mama, hii si ndiyo inawaharibu watu? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, Ochanda, sasa unanifundisha kazi? Mtu mwenye maumivu apewe dawa. Nipe."

Hivyo ndivyo alivyowatazama wote, hata yeye mwenyewe. Kwanza aliona maumivu. Lawama hakuipa nafasi. Mimi nimekaa mbele ya kipaza sauti hiki miaka mingi, na bado sijui moyo wa namna hiyo hutoka wapi.

Kwa Bwana Ochanda, kwa watoto, na kwa jamaa wote kule Homa Bay, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nawe unayenisikiliza, labda nyumbani kwenu kuna mtu ambaye siku hizi hammuulizi tena kama amekula. Fikiria juu yake leo. Nilimuuliza Ombati kama kituo kitafungwa kwa matanga. Alipangusa macho, akanijibu, "Makori, waambie walete watu wao. Jumatatu asubuhi niko mlangoni."