Amplifaya ya Pili na Mtamba wa Kija

Wifi yangu Shida ndiye aliyeniambia kwanza. Alikuja kunisaidia kuchambua mchele, akaninong'oneza kwamba kaka yake, yaani Maige mume wangu, anataka kumtoa mtamba wetu ili apate amplifaya ya pili. Mtamba huyo, ambaye hata hajazaa, tulipewa na baba yangu wakati mwanetu Kija alipozaliwa, ili mtoto asikose maziwa. Na amplifaya ya kupigia muziki harusini tunayo, inaimba vizuri tu. Jioni nilipeleka karanga kwenye kijiwe cha kahawa, nyuma ya stendi ya Bariadi. Huwa naweka sinia na kuondoka. Siku hiyo nilikawia, nikajifanya nakunja karatasi.

— Moja ipige besi, nyingine ipige ile sauti nyembamba, Maige alikuwa akieleza. Spika zilezile, lakini kila amplifaya na kazi yake.

— Sahihi! akadakia Joakim fundi simu, wanayemwita Fyuzi. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Sasa hivi sauti hizo zinapigana pembe humo ndani, ndiyo maana spika inachemka.

— Mbona haichemki?

— Itachemka.

Mzee Bujiku, mlimaji wanayemwita Maksai, akatua kikombe.

— Plau inavutwa na maksai mmoja, bhabha? Wawili! Na Kulwa bila Doto ni pacha gani?

— Umeona! Fyuzi akasema. Ukiwasha mbili, besi inazama ardhini. Mtu wa Maswa anaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio.

— Maswa ni karibu, Maksai akasema. Kule Nyashimo viboko watatoka ziwani kuuliza harusi ni ya nani.

— Na ile nyembamba inahamisha popo wote darini! Fyuzi akaongeza.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Maige akacheka. Basi kesho mtamba anaondoka.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

— Samahani, shemeji Fyuzi. Waya za hiyo ya pili zitachomekwa wapi?

— Nyuma ya spika, shemeji.

— Si kuna waya tayari? Matundu mengine yapo?

Fyuzi akamtazama Maige. Maige akamtazama Maksai.

— Msinitazame, mimi najua plau.

— Hukuangalia nyuma, Maige?

— Wewe si ndiye fundi?

— Wa simu!

Muuza kahawa akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

Tulirudi nyumbani na Fyuzi nyuma yetu. Maige akageuza spika. Tundu jekundu, tundu jeusi, basi.

— Hizi hazikubali, ndugu yangu, Fyuzi akasema polepole. Labda tuzipasue.

— Hazipasuliwi! Mtamba abaki. Mpaka nipate spika zenye matundu manne.

Nilimbeba Kija, nikaenda kumtazama mtamba zizini.

Asubuhi iliyofuata nilimswaga mtamba hadi kwa Mzee Bujiku.

— Mwangaluka, mayu, akanisalimu. Umeniletea maksai wa pili?

— Hapana, baba. Nimemleta kwa dume lako.

Ng'ombe mwenye mimba, hata Maige hawezi kumtoa kwa ajili ya spika.