Élodie Mukamurenzi wa Panne Bila Haya

Padiri wetu, majirani wa Majengo, nanyi wote muliotoka mbali: huyu tunayemuzika leo jina lake ni Élodie Mukamurenzi, na maisha yake yalikuwa hivi.

Alizaliwa Kibumba tarehe 9 août 1985, mutoto wa tatu kati ya watoto watano wa Papa Havugimana, mulimaji wa viazi, aliyemutangulia mwaka 2009, na wa Mama Nyirarukundo, ambaye ameandika maneno haya na ndiye anayeyasoma.

Alianza primaire Kibumba. Mwaka 1996 vita vikatutoa, tukashuka Goma na magodoro kichwani, akamalizia hapa. Secondaire alifanya option commerciale. Shule ilikuwa na ordinateur moja tu, imefunikwa kitambaa cheupe kama altare, na darasani walikuwa wanafunzi hamusini na mbili. Élodie akachora clavier juu ya karton ya sabuni, herufi zote, akawa anaipiga na vidole ku meza ya kulia mpaka sahani zinaruka. Wadogo zake walimucheka sana. Mwaka 2004 akapata diplôme d'État. Université hakufika, uwezo haukuwako. Lakini wale wanaosema hakusoma, wasikie vizuri leo: alisoma. Walimu wake hawakuwa na jengo, ni hilo tu.

Mwaka 2006 aliingia katika secrétariat moja ya Birere, kupigia watu barua na kutoa photocopie. Mashine ikiharibika, patron alikuwa anaita fundi, fundi anaingia, anafunga mulango. Élodie alitaka kujua kinachofanyika nyuma ya mulango ule. Mwaka 2012 akaingia, kwa simu yake, katika mazungumuzo ya mafundi wa ordinateur ku internet, watu wa huku kwetu na wa mbali, akauliza swali lake la kwanza. Mwanaume mumoja akamujibu: "We mama, hapa si mambo ya mapishi. Rudia sombe yako." Wengine wakacheka. Élodie akaandika: "Sombe iko ku moto. Sasa munijibu."

Aliyemujibu vizuri alikuwa Munguakonkwa wa Bukavu, mutu ambaye hakuwahi kumuona na macho. Alimuongoza pole pole, legeza bisi hii, chomeka kamba hii, mpaka mashine ikawaka. Patron hakuita fundi tena.

Mwaka 2015 hao wawili wakaanzisha groupe yao ku WhatsApp, wakaiita Panne Bila Haya. Sheria ilikuwa moja: mwenye panne, yaani mashine imemuharibikia, anauliza bila haya, na anayemucheka anatolewa. Élodie alitoa watu wengi, hata mwinjinieri mumoja mwenye diplôme tatu. Walifika mia tatu na zaidi, toka Bunia mpaka Lubumbashi. Wengi wao hawakuwa na mutu mwingine wa kumuuliza katika muji wao.

Ndoa yake na Hilaire, seremala, ilifungwa tarehe 17 juillet 2010. Hilaire ni mutu mupole, lakini ile groupe ilimusumbua roho. Siku moja akauliza: "Huyu Munguakonkwa anakutafutia nini asubuhi yote?" Élodie akamupa simu: "Soma yote, papa. Usiruke hata mustari." Hilaire akasoma mambo ya kamba na ya mashine, mustari kwa mustari, akalala usingizi na simu juu ya kifua. Toka siku ile anamuita Munguakonkwa shemeji. Mungu aliwapa watoto wawili, Benny na Daniella.

Toka mwaka 2014 Élodie alifanya kazi katika centre de santé, kuchunga mashine zenye majina ya wagonjwa. Hapo mama yake aliteseka bure. Hapa Goma kila mutu anajua serveur ni nani: ni yule analeta bia ku nganda. Na mama alikuwa anasikia kila siku ku simu: serveur amejaa, serveur anachelewa, serveur hataki kuamuka. Akawaza mutoto anafanya kazi ya nganda na anamuficha. Akamufanyia novena mbili. Siku moja Élodie akaingia anapiga kelele: "Serveur amekufa!" Mama akafunga kitenge, akamuambia: "Pole, mutoto wangu. Matanga iko wapi?" Élodie akacheka mpaka akakaa chini. Akamushika mama mukono, akamupeleka centre, akamuonyesha sanduku jeusi linalopumua kama mbuzi aliyepanda mulima. Ndilo lilikuwa serveur, linalochunga majina ya wagonjwa wote.

Tarehe 27 mai 2021, volcan, ule mulima wa moto, ilipotufukuza, watu walikimbia Sake na sufuria zao. Élodie alikuwa amekwisha kutuma majina yote ya wagonjwa Bukavu, kwa Munguakonkwa, ayachunge. Tuliporudi, wezi walikuwa wamebeba sanduku. Wiki moja haikuisha, kila mama mwenye mimba akapata tena fiche yake. Wengine wenu muko hapa, mumeshika watoto wale mukono.

Ugonjwa wa figo ulimushika mwezi wa mai 2025. Miguu ikavimba, macho yakaanza kufifia. Kitu alicholilia kilikuwa kimoja: "Mama, nikilala hivi, watatia mutu mwingine ku nafasi yangu." Akaandika vile ku groupe. Hawakumutumia picha za maua. Munguakonkwa alizungumuza na sister mukubwa wa centre, sister akakubali, na watu watatu wa groupe wakagawana siku. Munguakonkwa lundi na mardi. Mukamugema wa Rutshuru mercredi na jeudi. Gauthier wa Butembo vendredi na samedi. Kila mumoja alifanya kazi ya Élodie toka kwake, ku internet, baada ya kumaliza yake mwenyewe, kwa miezi mitano. Asubuhi sauti inaingia ku simu: "Jambo mama. Mugonjwa ameamukaje? Huku kazi iko sawa, asijisumbue." Mama anajibu: "Amekunywa uji. Na wewe fanya vizuri, maana atauliza."

Alikufa samedi tarehe 11 octobre 2025, saa tatu ya asubuhi, mukono wake ndani ya mukono wa Hilaire. Alikufa akiwa mufanyakazi. Ku nafasi yake hakukaa mutu.

Sasa kuna neno, na mutalivumilia. Familia ilipokaa kutengeneza hii programme munayoshika, baba yake mudogo Darius alikataa, akamuambia mama:

"Shemeji, tutaandika 'bila haya' mbele ya padiri? Watu watasema tunazika na wahuni."

"Andika."

"Basi tuwatie chini kabisa: amis et connaissances."

"Darius, connaissance ni yule ananisalimia ku barabara. Kwetu Kibumba mwanamuke akilala mugonjwa, ku matanga yake nani anakaa ku mukeka wa familia?"

Darius na yeye ni wa Kibumba. Anajua kwamba anakaa yule aliyemulimia shamba akiwa kitandani.

"Nani alimulimia Élodie?"

"Lakini hawa hawakushika jembe, shemeji."

"Na wewe, ulishika nini?"

Jina limeandikwa, na kwa herufi kubwa. Élodie hakuona haya ya kuuliza, wala familia yake haitaona haya ya watu waliomujibu. Anayesikia vibaya ajifunike uso na kitenge chake.

Élodie anaacha bwana yake Hilaire. Watoto wake, Benny wa miaka kumi na tatu na Daniella wa miaka tisa. Mama yake Nyirarukundo. Ndugu zake wanne. Baba yake mudogo Darius. Na, katika mustari huu huu wa familia, Munguakonkwa, Mukamugema, Gauthier na Panne Bila Haya yote.

Munguakonkwa, ulishuka jana na bateau ku port ya Kituku, na leo umesimama kule nyuma na wageni. Toka huko. Mukamugema, na wewe jongelea. Gauthier barabara ilimukatalia. Hilaire, inua simu juu, asikie. Watoto watatupa udongo wa kwanza, halafu ninyi, halafu sisi wengine. Darius, wapishe.

Pumuzika, Élodie, mutoto wangu, katika amani ya Mungu. Kazi yako iko na watu.