Mistari Miwili ya Maji

Ndani ya basi dogo linaloteremka katikati ya Amman, mjane Umm Sufyan alichungulia kompyuta ya binti mmoja aliyeketi kando yake. Mstari wa buluu, saa za maji ya bomba kwa wiki, ulikuwa umeporomoka. Mwekundu, magari ya maji yaliyoitwa mtaani, ulikuwa umepaa hadi juu.

"Subhanallah, mwanangu! Ukame wa Nabii Yusuf umerudi?"

Binti akacheka. "Saa ishirini na nne zimekuwa ishirini na mbili, mama. Magari thelathini yamekuwa thelathini na matatu. Kila mstari una vipimo vyake, na sikuvianzia sifuri. Kamati ya mgao wa maji ikiona hivi, itatupa siku ya pili ya maji."

"Na ukianzia sifuri?"

"Mistari italala chali, na kamati italala nayo."

"Mtaa gani huo?"

"Hayy al-Lawz."

Umm Sufyan akautazama tena mstari wa buluu. Ndiko kwake, na mazulia ya Idi yalikuwa bado machafu juu ya paa, yakisubiri maji ya kufuliwa.

"Anzia sifuri," akasema kwa shida. "Mengine waeleze kwa mdomo."

"Wewe una maji yako, mama, ndiyo maana unahubiri!"

Umm Sufyan akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Basi likasimama. Binti akashuka, kompyuta bado wazi mkononi, naye Umm Sufyan akabaki akimwombea: aseme kweli, na maji yaje vilevile.