Dagaa wa Mama Gaudensia Waliotikisa Kambi

Baada ya miaka thelathini na mmoja jikoni, Mama Gaudensia Masatu, mpishi mkuu wa kambi yetu hapa Butiama, anavua aproni tarehe 30 Juni. Alianza kwa kuosha masufuria. Leo hakuna ofisa anayethubutu kufunua chungu chake bila kubisha hodi.

Wengi mnamsifu kwa nyama ya Jumapili. Fahari yake mwenyewe ni dagaa: anawakaanga hadi wakauke, kisha anawaunga kwa karanga kama mama yake alivyomfundisha huko ziwani. Ijumaa askari walikuwa wanawaomba wenyewe.

Ijumaa moja akaja Jofrey, mwandishi wa televisheni ya mtandaoni kutoka Musoma, kurekodi gwaride. Akapitia jikoni, akapiga picha sufuria, hakuonja. Jioni habari ikawa kwamba walinzi wa taifa wanashindia dagaa.

Kesho yake akina mama wa kijiji cha Nyamuswa wakafika getini na masinia kichwani, wamejifunga kanga za msibani, wakatupa pole. Mlinzi alikuwa amefundishwa kuzuia adui, si ugali wa mtama, akafungua. Vijana waliotaka kujiunga na jeshi wakaghairi. Mama Gaudensia akienda sokoni Bunda, wauza nyanya walimfundisha kuunga mboga. "Nilikuwaga sijui kama dagaa ni msiba," alituambia, na siku hiyo alilia kweli.

Mkuu wa kambi akaamua kusafisha jina. Wakachinjwa ng'ombe wawili, pilau ikapikwa, Jofrey akaitwa tena. Safari hii habari ikawa kwamba jeshi linaogelea kwenye pilau. Waliotuonea huruma wakatununia, na vijana wakarudi kujiandikisha kwa wingi, baadhi wamebeba sahani. Sisi tulikuwa wale wale, na gwaride lile lile; kilichobadilika ni chakula kwenye simu za watu.

Tangu hapo dagaa walipikwa kwa kificho. Kila Ijumaa kulikuwa na lindo maalumu la jikoni, na neno la siri la zamu hiyo lilikuwa "maharage". Ghala la silaha halijawahi kulindwa vile.

Lindo hilo linavunjwa leo. Alipoulizwa anataka zawadi gani, Mama alikataa friji. Ameomba dagaa wapikwe uwanjani mchana kweupe, na Jofrey aketi naye, ale. Akina mama wa Nyamuswa nao wamealikwa. Walipiga simu kuuliza kama waje na chochote. Akawajibu waje na njaa tu.

Jofrey, kamera yako utaikuta getini ukishamaliza sahani. Baada ya hapo andika utakacho.

Mama, umetulisha, umetugombeza, na jikoni kutapwaya bila wewe. Tunakupenda. Asante sana. Tunakuombea pumziko jema huko kwenu ziwani, na wageni wakikukuta unakula dagaa, wanawe mikono wakae, wala asiwepo wa kukupa pole.