Mama Anjelina na Msumari Usio na Senti

Tarehe 31 Desemba 1959 Bibi Veridiana Majaliwa atakabidhi funguo za wodi ya wazazi ya Zahanati ya Namkonda, baada ya kuwatumikia wagonjwa na wazazi kwa miaka ishirini na minane na miezi kumi na mmoja. Ukimwambia miaka ishirini na tisa atakusahihisha. Kwake mwezi ni mwezi, na amewahi kuona mtoto akiokolewa na wiki moja tu. Wengi wetu hata hilo jina la Veridiana hatulitumii. Kwetu yeye ni Mama Anjelina, na mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba mimi, Edmund, karani wa dirishani, niandike habari zake kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki.

Alizaliwa Chiwata. Mwaka 1931 alianza kazi Masasi kwa kufua mashuka ya wagonjwa, akajifunza ukunga kwa kusimama nyuma ya waliojua, na mwaka 1937 aliombwa apande huku uwandani, upande wa Newala, kwa miezi sita. Miezi hiyo sita haijaisha mpaka leo. Mwenyewe anasema kilichomshika ni ukungu wa asubuhi, ule unaopanda kutoka bondeni na kukaa juu ya mihogo hadi mtu asijue ameamka au bado amelala. Alikuwa akipita katikati yake na taa mkononi, tunaiona taa tu, mwenyewe hatumwoni, na tunajua kwamba wodini kuna mtu.

Asiyeishi huku hajui maji ni nini. Wanawake wetu walishuka ukingo wa uwanda hadi bondeni na vyungu kabla ya jua na kurudi limeshapanda. Mama aliyekuja kujifungua alikuja na nguo za mtoto na debe lake la maji, na debe likimwagika njiani ilikuwa msiba mdogo. Tangu siku aliyofika, Mama Anjelina alikuwa akiota tangi la maji ya mvua. Aliliota kwa sauti, mbele ya watu, hadi tukamzoea. Lakini tangi linataka paa la bati, na wodi yetu ilikuwa ya nyasi.

Sasa niseme kuhusu pesa, maana bila hizo habari hii haieleweki. Vijana walioajiriwa mwaka huu huenda hawajui jinsi senti moja ilivyodharauliwa hapa uwandani. Ilikuwa pesa halali, ina taji la Mfalme na tundu katikati, lakini mwenye duka akikuona umeishika alikumbuka ghafla kupanga rafu zake. Kumpa mtu mzima senti moja ilikuwa sawa na kumtukana. Dukani ulirudishiwa chenji ya pilipili tatu badala yake, na ukiwa na bahati mbaya ukarudishiwa senti yenyewe, ndiyo yako hadi kufa, kwa sababu hata aliyekupa hakuipokea tena. Wanawake walizifunga pindoni mwa kanga wakazisahau. Wasichana walizitunga kwenye uzi wakazivaa miguuni siku za ngoma, na huko angalau zililia.

Upande wa pili ilikuwapo noti ya shilingi mia. Bwana Mahmudu, ambaye wengi mnamjua, alirudi kutoka mashamba ya katani na noti moja ya mia, akatembea nayo siku tatu kutoka Masasi hadi kwetu. Kila alipofika watu walimwamkia kwa heshima, wakaomba kuiona, wakaishika kwa ncha za vidole na kumrudishia, chenji hakuna. Tajiri wetu alifika Namkonda ana njaa ya siku mbili, akataka kumlipia mkewe kadi ya kujifungulia, ya senti tano, kwa noti hiyo. Mama Anjelina alimwambia airudishe mfukoni isije ikalowa, akampa ugali, kisha akampa madebe mawili na mti wa kuyabebea akalete maji bondeni. Mahmudu husema mpaka leo kwamba hajawahi kulipia kitu ghali kama kadi ile.

Hayo ya kuchekesha. Yanayofuata Mama Anjelina amenikataza kuyaandika, lakini mwenye haki nayo zaidi ameniruhusu, na nitamtaja.

Mwaka 1948 nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nywele nimezichana njia upande wa kushoto, kaptula nyeupe nimeipiga pasi hadi inasimama yenyewe. Ada ya kadi ilikuwa senti tano, na akina mama wengi walileta senti moja moja tano zinazonuka moshi. Mfanyabiashara wa Lindi aliyepokea makusanyo yetu hakuzitaka. Basi nikachukua karatasi ngumu nikaandika kwa mwandiko wangu bora: SENTI MOJA MOJA HAZIPOKELEWI. Nikaibandika dirishani. Sikumwuliza mtu. Nilijiona nimeleta maendeleo.

Mwezi wa Machi alikuja Fatu, binti wa bondeni mwenye mimba ya kwanza, pamoja na shangazi yake. Walikuwa wamepanda ukingo tangu alfajiri na uchungu umeshaanza. Shangazi alifungua pindo la kanga akaziweka senti tano za tundu mbele yangu. Niliwaonyesha karatasi. Hawakujua kusoma, kwa hiyo nikawasomea. Nikawaelekeza dukani kwa Dadi wakabadilishe wapate sarafu moja ya senti tano, ndipo warudi. Mama Anjelina alikuwa ndani na mzazi mwingine, hakusikia chochote. Dadi alizikataa. Duka la pili walizikataa. Fatu alijifungua nyuma ya duka la tatu, juu ya magunia matupu ya mihogo, na mtoto wake wa kike hakulia.

Mama Anjelina alikwenda mbio alipoitwa, akamwokoa mama. Mtoto hakumwahi. Aliporudi alasiri alikuja dirishani kwangu, akaibandua ile karatasi kwa kucha, taratibu, kuanzia pembeni, asiache hata kipande. Nilingoja anifukuze.

"Edmund, mwanangu," alisema, "kuanzia kesho utazipokea kwa mikono miwili."

Hajanikemea kwa jambo lile mpaka leo. Siku ile nilitamani angenipiga. Nimeona haya kwa miaka kumi na mmoja, na sioni sababu ya kulificha hilo katika jarida linalosomwa na watu wanaoniona kila siku.

Fatu alikaa siku tatu wodini, akashuka kwao na senti zake tano. Mama Anjelina alimfuata mara tatu. Mara zote Fatu alimwamkia shikamoo, akamwandalia kiti, akarudi jikoni asitoke tena. Watoto wake wawili waliofuata, wa kwanza Mwanakombo, aliwazaa nyumbani. Kila mimba Mama Anjelina alipata habari zake, na kila mara hakulala mpaka aliposikia kwamba amejifungua salama.

Mimi nilizipokea senti kwa mikono miwili. Habari zikaenea vijijini, na akina mama waliokuwa wakiona aibu kuja wakaja. Kwa kuwa hakuna aliyezitaka, tulizitia katika chungu, kisha cha pili. Mwaka 1951 tulipata mabati yaliyokwisha kutumika huko Nachingwea, na misumari yake, lakini washa hazikuwamo, vile vibati vya mviringo vinavyokaa chini ya kichwa cha msumari ili mvua isipenye. Fundi Benedikto alizitafuta Newala, akateremka Masasi, akarudi mikono mitupu. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Mama Anjelina akatoka wodini na chungu, akakiinamisha mbele yake. Benedikto aliokota senti moja, akapitisha msumari katika tundu lake. Ilikaa sawasawa, ikitaka lami kidogo tu chini yake. Yeye na ngazi yake walimaliza kazi kwa siku nne, na pesa iliyofukuzwa madukani ikawa paa la wazazi. Kando yake tukajenga tangi, na mvua zikalijaza.

Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali wa wilaya, alipokuja kulikagua tangi, Januari 1952, alipanda ngazi na kukaa juu muda mrefu. Aliposhuka aliuliza kama tunajua kwamba kupigilia pesa ya Mfalme misumari ni kosa. Sote tulitazama chini isipokuwa mmoja. Mama Anjelina alimjibu kwamba madukani pesa hiyo ilikosa kazi, na hapa imepewa kazi. Kisha akamletea kikombe cha maji. Bwana Shauri alikunywa, akaomba cha pili, na katika kitabu cha wageni aliandika kwamba maji ya Namkonda ni matamu. Kitabu kipo, anayetaka aje asome.

Tangu hapo wodi yetu imekuwa na mambo yake. Mvua ikinyesha, Mama Anjelina humwambia mzazi mwenye uchungu afumbe macho, asikilize paa, aitafute senti yake. Nao huzipata. Mmoja atasema yake iko juu ya mlango, ina sauti nyembamba. Mwingine yake iko kwenye kona na inasinzia. Wengine huipata wakalala hapo hapo, katikati ya uchungu, wakaamka mtoto anakuja. Wapo walioisikia mvua mwezi wa Agosti, jua linawaka, na Mama Anjelina hakuwabishia. Mimi ni karani na siamini mambo hayo, ingawa mara nyingi nimeweka kalamu chini nikajikuta nasikiliza, ukungu umeingia hadi mezani, na sijui nimekaa hivyo kwa muda gani.

Lakini paa lile lilivuja mahali pamoja. Msumari mmoja Benedikto aliuacha bila senti, na haukuachwa kwa kusahau. Vyungu vilikuwa bado na senti tele. Mama Anjelina ndiye aliyemzuia, akasema, "Huo una mwenyewe." Ulikuwa juu ya baraza, mbele ya dirisha langu hasa. Kwa masika nane tone lilianguka pale, chini yake tukaweka ndoo, na akina mama wakaizunguka ndoo ili wanifikie. Mvua ilipokuja usiku, Mama Anjelina aliamka kwenda kuimwaga isije ikafurika barazani. Wageni walishangaa kwa nini wodi nadhifu namna ile ina tundu lisilozibwa. Mimi sikuuliza hata siku moja.

Tarehe 11 mwezi huu wa Desemba, asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, nilisikia hodi dirishani. Alikuwa Fatu, ambaye sasa ni Mama Mwanakombo, na mimba yake imefika. Baadaye nilijua alikuwa amesikia kwamba Mama Anjelina anaondoka. Hakunisalimu kwanza. Alifungua pindo la kanga akaweka senti moja, kisha nyingine, akanitazama, mpaka zikafika tano. Zilikuwa zile zile. Alikuwa amezifunga kwa uzi mweusi miaka yote hiyo. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Nilimwomba msamaha kwa sauti ya chini. Akaniambia, "Andika kadi, Edmund. Uchungu haungoji."

Nikaandika kadi, na wino ukamwagika kidogo pembeni. Mama Anjelina alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, sijui tangu saa ngapi. Mmoja wao alinyoosha mkono, mwingine akaushika, wakaingia. Saa saba mchana alizaliwa mtoto wa kiume, ratili saba, na alilia hadi Dadi akamsikia dukani kwake. Ameitwa Halfani. Hadi ninapoandika haya, ndiye mtoto wa mwisho kupokewa na mikono ya Mama Anjelina katika utumishi wake.

Alasiri ile niliazima ngazi ya Benedikto. Mzee alitaka kupanda mwenyewe, nikamkatalia. Sijawahi kuwa fundi, na watu walisimama chini wakinicheka, maana kaptula zangu bado nazipiga pasi. Niling'oa ule msumari, nikaupitisha katika senti ya Fatu, nikapaka lami, nikagonga. Nilijigonga kidole pia, na hilo nalistahili. Zile nne nilimrudishia mwenyewe, naye amesema atamtungia Halfani uzi wa mguuni.

Mvua ya kwanza ya msimu huu ilikuja tarehe 19. Tulitoka sote barazani, wauguzi, wazazi na watoto wao, hata dobi, tukasimama kuizunguka ndoo. Paa lilianza kuimba lote, na ndani ya ndoo hakuna kitu. Tulikaa hivyo hadi mvua ilipopita. Mama Anjelina aliinama akatia mkono ndani, akapapasa hadi chini, akautoa mkavu, akatuonyesha. Kisha akaufunika uso kwa kanga. Hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza katika miaka yetu yote.

Mama Anjelina, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Namkonda, na kwa niaba ya watoto waliopita mikononi mwako, ambao wengine sasa wanatuletea watoto wao, tunakushukuru. Zawadi zimechangwa, utapewa siku ya sherehe: kitanda, blanketi na mbuzi wawili. Lakini wafanyakazi wamekubaliana kwamba ile ndoo pia uende nayo kwako Chiwata, kwa sababu hapa haina kazi tena. Nenda salama, Mungu akupe siku nyingi na mihogo mizuri.

Na mvua ikinyesha usiku, Mama, usiamke. Lala.