Nyuzi Nne Nyuma ya Ustadh

Basi lilipotoka mtaa wa Malaz, Adhiambo alizima muziki masikioni ili awasikilize vizuri Wakenya wawili waliokaa mbele yake.

"Bosi wangu Mhindi, ustadh wa kuimba, Alhamisi anaimba Jeddah nyimbo alizotunga mwenyewe," alisema mwanamke. "Mimi nitaketi nyuma yake nikipiga tambura."

"Nyuzi nne, sauti ileile saa mbili nzima?" Mwanamume akacheka. "Dada, hiyo ni kazi ya nyumba tu, imehamia jukwaani."

Adhiambo, ambaye hata filimbi hajawahi kupuliza, alimuunga mkono mwanamume huyo kimoyomoyo.

"Miaka minne amenifunza hizo nyuzi. Sauti yake ikishazurura kote, hunisikiliza mimi ndio ajue nyumbani ni wapi."

"Na ukikosea?"

Basi likasimama. Mwanamke akachukua mfuko wake.

"Nikikosea mimi, kaka, atapotea yeye."